Istilahi za Kazi za Utengenezaji wa Filamu: Mfano wa Morogoro na Milima ya Uluguru

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara kwa watu wanaoshughulika na istilahi, yako yanayohusu majina ya wale wanaotengeneza filamu. Mfasiri huuliza kama mwongozaji na mwelekezi ni mtu mmoja au ni wawili. Mwalimu wa sekondari huuliza kama yafaa kuandika "stelingi" katika insha. Mtumishi wa serikali aliyepewa fomu ya kujaza huuliza "mtengenezaji wa filamu" ni yupi hasa: ni mwenye fedha, mwenye kamera, au mwenye hadithi?

Swali hili la tatu ndilo lililo zito kuliko yote. Katika nchi nyingi sheria ya hakimiliki humtazama mtu mmoja kuwa ndiye mwenye haki za kiuchumi za filamu, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Ikiwa hati ya Kiswahili humwita mtu huyo "mtengenezaji", na neno hilo hilo likatumiwa kwa mpigapicha na kwa mwongozaji, basi watu watatu wanaweza kutia sahihi karatasi moja, kila mmoja akiamini kwamba neno lile linamhusu yeye. Siku filamu inapouzwa ndipo ugomvi unapoanza, na ugomvi huo hauna mwamuzi kwa sababu chanzo chake ni neno.

Tanzania inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zote mbili zilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kazi ya kuyatafutia mambo haya majina yaliyo wazi ni kazi ya leo, wala si ya kuwekwa akiba.

Makala haya yanakusudia kueleza kazi za filamu moja baada ya nyingine, kuonyesha kila kazi inaanzia wapi na kukomea wapi, na kupendekeza istilahi. Rai yetu ni moja, nayo ni kwamba istilahi ya kazi itaje dhamana ya mwenye kazi, isitaje tu chombo anachokishika mkononi.

2. Kwa nini Morogoro

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini tumekwenda Morogoro kutafuta mfano, wakati filamu nyingi za nchi yetu hutengenezwa Dar es Salaam. Tunazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mpango wa majaribio wa filamu za elimu kwa Waafrika, ambao makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji, na G. C. Latham alisimamia upande wa elimu. Mpango huo ulitoa filamu zipatazo 35. Picha zilipigwa katika filamu ya milimeta 16, na sauti iliwekwa katika sahani za santuri, ili picha zile zile ziweze kusemewa kwa Kiswahili mahali hapa na kwa lugha nyingine mahali pengine. Filamu mojawapo, ya mwaka 1936, ilihusu jaribio la mashamba ya wakulima wa Kiafrika huko Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro. Nayo ni miongoni mwa chache sana za mpango huo zilizosalia mpaka leo.

Angalia ni kazi ngapi zimo katika filamu hiyo moja. Yuko aliyekata shauri kwamba Kingolwira ipigwe picha. Yuko aliyepanga nini kitangulie na nini kifuate. Yuko aliyeshika kamera, na yuko aliyekata na kuunga vipande vya filamu. Yuko pia aliyesema katika santuri. Kiswahili cha wakati ule hakikuwa na istilahi sanifu za kazi hizi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika zaidi na tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Mambo ya kamera hayakuwa katika meza yake.

Baadaye kazi ziliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za hadithi za Kiswahili, mojawapo ikiitwa "Muhogo Mchungu", na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Tangu miaka ya 2000 filamu za video zikaenea nchi nzima. Lakini majina ya kazi yalikuwa yakiokotwa njiani: mengine kutoka redioni, mengine jukwaani, mengine katika Kiingereza cha mitaani.

Sababu yetu ya pili ni kwamba milima ya Uluguru inatupa mfano unaozihitaji karibu kazi zote. Tuchukulie kwamba kikundi fulani kinataka kutengeneza filamu ya dakika 30 juu ya matuta ya Uluguru. Habari yenyewe inajulikana. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima waliona kwamba haikuwaongezea mavuno. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga amri hiyo. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Ulazimishaji ule ukaachwa. Filamu ya jambo hili itahitaji hadithi, waigizaji, mavazi ya zamani, mandhari ya milimani, na wazee wa kueleza waliyoyasikia. Basi na tuifuate filamu hii hatua kwa hatua.

3. Kabla ya kupiga picha

Mtu wa kwanza ni yule anayeichukua filamu mabegani mwake tangu ikiwa wazo hadi imwone mtazamaji. Yeye hutafuta fedha, huajiri watu, huomba vibali, hutia sahihi mikataba, na mwisho huulizwa yeye filamu ikiharibika. Kuna maneno matatu yanayoshindana kumtaja: mtengenezaji, mzalishaji na mtayarishaji.

"Mtengenezaji" ni pana mno. Kila aliyetia mkono katika filamu ameitengeneza, kama vile kila fundi amejenga nyumba. Neno hili tunashauri libaki kuwa la jumla, kwa maana ya watu wote wa kazi hiyo, na lisitumiwe katika mkataba kumtaja mtu mmoja. "Mzalishaji" lina udhia wa aina nyingine. Katika uchumi linafaa kabisa, kama tunaposema mzalishaji wa umeme au wa sukari. Lakini kwa watu wengi kuzalisha ni kazi ya mkunga, na tena halibebi ile maana ya kupanga na kuwajibika. "Mtayarishaji" limezoeleka kwa sababu ya redio: kwa miaka mingi wasikilizaji wamekuwa wakitajiwa mtayarishaji wa kipindi. Tunalipendekeza hili. Hata hivyo lazima maana yake iwekewe mipaka, kwa kuwa mtayarishaji wa redio aghalabu hufanya kila kitu mwenyewe, kuanzia kuandika hadi kusoma. Mtayarishaji wa filamu si lazima aandike wala aguse kamera. Dhamana yake ni fedha, watu na haki.

Karibu naye wako watu watatu ambao wafasiri huwachanganya: mwekezaji, mfadhili na mdhamini. Mwekezaji hutoa fedha akitarajia faida. Mfadhili hutoa fedha bila kutaka zirudi, kama yanavyofanya mashirika mengi ya maendeleo. Mdhamini hutoa fedha au vitu ili jina lake litajwe. Lakini neno mdhamini lina kazi nyingine ya zamani: ni mtu anayesimama mahakamani kumwekea mwenziwe dhamana, na atalipa yeye ikiwa mwenziwe atatoroka. Mfanyabiashara wa Morogoro aliyetoa gari la kuwapeleka waigizaji Matombo, akasoma katika hati kwamba yeye ni "mdhamini wa filamu", ana haki ya kuingiwa na hofu. Hati na iseme "mdhamini wa matangazo", na hofu itaondoka.

Wa pili ni mwandishi. Maandishi ya filamu yana umbo lake: yanataja mahali, saa, anayoyatenda mhusika na anayoyasema. Mitaani huitwa "skripti". Wengi husema "muswada", lakini katika lugha ya Bunge muswada ni sheria ambayo haijapitishwa, na katika uchapaji ni kitabu ambacho hakijapigwa chapa. Tatizo hili si kubwa kama linavyoonekana. Maana zote tatu zinashiriki jambo moja: maandishi yanayongoja kupata umbo lake la mwisho. Tunapendekeza "muswada filamu", na mwenye kazi aitwe "mwandishi wa muswada filamu". Katika mazungumzo ya wenye kazi "mwandishi" litatosha.

Wa tatu ni mteuzi wa waigizaji, yaani anayechagua nani aigize nini. Neno "mteuzi" ni zuri kwa sababu kuteua ni kuchagua kwa kufikiri, na anayeteua hujibu kwa uteuzi wake.

Wa nne ni anayetafuta mahali pa kupigia picha. Tumesikia "mpelelezi wa maeneo", lakini mpelelezi ni askari kanzu, na mgeni anayefika kijijini akijiita hivyo hatapewa hata kiti. Tunapendekeza "mtafuta mandhari". Kazi yake si kutazama uzuri wa mahali tu. Anayepanda kutoka Bigwa kuelekea Matombo hana budi kujua kwamba ardhi ya Waluguru kwa desturi ilifuata ukoo wa upande wa mama, na kwamba shamba linaloonekana halina mtu laweza kuwa na wenyewe wengi. Ni lazima ajue aanzie kwa serikali ya kijiji au kwa wazee wa ukoo, na kwamba yafaa aende kwa wote wawili. Dhamana yake ni ruhusa, na ruhusa ikikosewa kikundi chote hurudi mjini bila picha.

4. Siku za kupiga picha

Kikundi kimefika mlimani. Mwenye kauli sasa ni yule anayeamua mwigizaji asimame wapi, aseme kwa sauti gani, kamera itazame nini, na kipande kirudiwe mara ngapi. Tanzania tumezoea kumwita mwongozaji. Katika magazeti ya Kenya huonekana pia "mwelekezi". Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na hatuoni sababu ya kugombana na jirani. Lakini tukipima maana, kuelekeza ni kumwonyesha mtu njia, kisha ukamwacha aende. Kuongoza ni kwenda naye mpaka mwisho wa safari. Anayeifuata filamu siku zote za kupiga picha, na akaketi na mhariri mpaka kipande cha mwisho, ameongoza. Zaidi ya hayo, jukwaani tunaye mwongozaji wa mchezo wa kuigiza tangu zamani.

Wako wanaouliza kwa nini tusiseme "mwongozi". Jambo hili linagusa kanuni ya kuunda majina ya watendaji, nasi tungependa kulieleza kidogo. Kutokana na kitenzi kimoja Kiswahili huweza kutoa majina mawili, moja likiishia kwa -i na jingine kwa -aji, na maana zikatengana: msomi ni mwenye elimu, msomaji ni yeyote anayesoma gazeti. Wengine hudhani kwamba -aji daima huonyesha kazi ya kudumu. Sivyo. Mpishi ndiye mwenye kazi ya kupika, na mpikaji ni yeyote aliye jikoni kwa wakati huo. Lakini mwimbaji, mchezaji na mwigizaji ni watu wa kazi zao. Umbo peke yake haliamui. Linaloamua ni matumizi, na kazi ya mtaalamu wa istilahi ni kuyatazama matumizi kwanza, kisha kuuliza kama kuna neno jingine la karibu litakaloleta mgongano. Hapa matumizi yamekwisha kuchagua "mwongozaji", wala hatuoni mgongano.

Tuje kwa picha. Neno "mpigapicha", ambalo tunashauri liandikwe pamoja kwa kuwa linataja dhana moja, hutumiwa kwa mtu wa studio anayepiga picha za pasipoti na kwa mtu wa filamu. Katika filamu kubwa wako wawili: mmoja huamua picha iweje, mwanga utoke wapi, na kamera iwe mbali au karibu, mwingine huishika kamera yenyewe. Tukitaja chombo, wote wawili ni watu wa kamera, na "kameramani" la mitaani litawafaa wote. Tukitaja dhamana, wanatengana. Wa kwanza tunapendekeza aitwe "mkuu wa picha", na wa pili "mpigapicha". Umuhimu wa tofauti hii unaonekana vizuri Uluguru. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huleta ukungu na mvua katika miteremko ya mashariki, na jua la asubuhi laweza kufichwa kabla ya adhuhuri. Ni mkuu wa picha anayepaswa kusema, "Tukianza saa hii hatutamaliza, tungoje kesho." Mpigapicha hapaswi kulaumiwa kwa uamuzi usio wake.

Kwa upande wa sauti, mashine tunaiita kinasasauti. Mwenye kazi basi na aitwe "mnasasauti". "Fundi mitambo", linalosikika sana redioni, ni jina la heshima lakini halituambii ni mtambo gani.

Kwa upande wa mwanga tunapaswa kuwa waangalifu. Wafasiri kadhaa wameandika "mtu wa mwanga" au "mkuu wa mwanga". Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba mwanga ni nuru, lakini anajua pia kwamba mwanga, wingi wake wanga, ni mtu anayezunguka usiku kwa uchawi. Katika orodha ya majina mwishoni mwa filamu, "wanga" hawatapendeza. "Fundi taa" ni jina fupi, halina kasoro, na watu wanalijua.

Waigizaji wenyewe wana tatizo lao. Mwigizaji ni mtu halisi anayelipwa. Mhusika ni mtu wa ndani ya hadithi. Katika filamu yetu mkulima aliyekataa kuchimba matuta ni mhusika. Kijana wa Morogoro aliyevaa nguo za mkulima huyo ni mwigizaji. Neno la mitaani "stelingi" linawaunganisha wote wawili. Watoto katika mabanda ya video wamezoea kusema kwamba stelingi hafi, na hapo wanamsema mhusika, kwa maana mwigizaji ni binadamu kama sisi. Lakini wanaposema stelingi fulani amenunua gari, wanamsema mwigizaji. Neno hili lina uhai na utani wake, na hatutaki kulifukuza mitaani. Darasani na katika hati tuseme "mhusika mkuu" na "mwigizaji mkuu", kila moja mahali pake.

Waigizaji hawa huvishwa na kupambwa. "Mpambaji" linajulikana sana pwani kwa yule anayempamba bibi arusi, na "mpambe" ni mtu wa kumfuata mkubwa. Ili kuepuka kuchanganya, na kwa kuwa vipodozi ni neno lililokwisha kukubalika, tunapendekeza "mpodoaji" kwa mwenye kazi ya nyuso, na "mbunifu mavazi" kwa anayeamua mavazi yaweje. Wa pili huyu katika filamu yetu ana kazi kubwa: ni lazima ajue watu wa Matombo walivaa nini mwaka 1955, na askari wa wakati ule walivaaje.

Mwisho wa hatua hii yuko mtu ambaye filamu nyingi zetu humsahau, na kwa kumsahau zikachekwa. Ni yule anayekumbuka kila kitu kilivyokuwa kati ya kipande na kipande. Mwanamke anapanda mlima amejitwika kikapu cha ndizi. Kipande kinachofuata, kilichopigwa kesho yake, kikapu kimegeuka tenga. Mtazamaji wa Mgeta, anayejua vyombo vyake, ataona mara moja. Mwenye kazi hii tunapendekeza aitwe "mtunza mwendelezo". Neno "mtunza" tumelichagua kwa makusudi, kama katika mtunza hazina: amekabidhiwa kitu, naye ataulizwa.

5. Baada ya kupiga picha

Vipande vyote sasa vinakwenda kwa mhariri. Jina hili tumelipokea kutoka magazetini, na lina hatari ndogo. Mhariri wa gazeti ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya habari. Mhariri wa filamu huunga vipande kwa kushauriana na mwongozaji. Zamani kazi hii ilikuwa ya mkasi na gundi kwa maana halisi. Siku hizi hufanywa katika kompyuta. Tunashauri jina litimizwe kila mara katika hati: "mhariri wa filamu".

Halafu yuko msimulizi, ambaye sauti yake husikika bila yeye kuonekana. Huyu ndiye aliyesema katika santuri miaka ya 1930. Asichanganywe na mtangazaji wala na mkalimani. Mkalimani wa filamu ni kazi iliyokua katika mabanda ya video: mtu huifuata filamu ya kigeni na kuieleza kwa Kiswahili, akitia maelezo na mizaha yake, kama alivyovuma kwayo Lufufu. Si mfasiri wa maandishi, wala si msimulizi aliyetajwa katika muswada. Ni fundi wa aina yake, na yafaa istilahi imtambue. Filamu yetu ya matuta ikiwa na wazee wanaosema Kiluguru, nayo itahitaji mtu wa kuyaleta maneno yao katika Kiswahili. Hapo, kwa kuwa maneno yao ni ushahidi, tunamhitaji mfasiri mwaminifu, si mkalimani wa banda.

Wa mwisho ni msambazaji, anayeifikisha filamu kwa watazamaji. Hapa ndipo swali letu la kwanza linaporudi na uzito wake wote. Katika siku za kanda na diski za video, ilikuwa kawaida msambazaji kununua haki zote za filamu kwa malipo ya mara moja. Anayeweza kuuza haki ni yule aliye nazo. Ikiwa hakuna hati inayosema waziwazi mtayarishaji ni nani, basi aliyeshika diski ndiye atakayeuza, na mwandishi, mwongozaji na waigizaji watabaki na sifa tupu. Filamu ikipendwa miaka kumi, hasara yao nayo ni ya miaka kumi.

6. Mapendekezo

Kwa kufupisha, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

mtayarishaji: mwenye dhamana ya fedha, watu na haki za filamu
mwandishi wa muswada filamu: mtunga maandishi yanayofuatwa katika kupiga picha
mwongozaji: mwenye kauli juu ya uigizaji na picha tangu mwanzo hadi mwisho
mteuzi wa waigizaji: mchagua watu wa kuigiza
mtafuta mandhari: mwenye dhamana ya mahali na ruhusa zake
mkuu wa picha: mwamuzi wa sura ya picha na mwanga
mpigapicha: mshika kamera
mnasasauti: mwenye kazi ya kurekodi sauti
fundi taa: mwenye kazi ya kuweka na kuwasha taa
mbunifu mavazi: mwamuzi wa mavazi
mpodoaji: mwenye kazi ya kuandaa nyuso
mtunza mwendelezo: mwenye kuhakikisha vipande vinapatana
mhariri wa filamu: mwunga vipande
msimulizi: mwenye sauti ya maelezo ndani ya filamu
mkalimani wa filamu: mweleza filamu ya kigeni mbele ya watazamaji
msambazaji: mfikisha filamu kwa watazamaji

"Filamu" tunashauri itaje kazi yenyewe, na "sinema" itaje maonyesho au nyumba ya kuonyeshea. "Picha" na "mkanda" yabaki katika mazungumzo. Mkanda umekwisha kutoweka mikononi mwa watu, lakini neno lingali hai, na maneno yana desturi ya kuishi zaidi ya vyombo vyake. Hii ni sababu nyingine ya kutoziegemeza istilahi kwenye vyombo.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutaja kazi za filamu. Karibu kila jina tulilopendekeza limekwisha kutumika mahali fulani: redioni, jukwaani, gazetini, arusini. Upungufu uliokuwapo ni wa mipaka. Lugha yetu imewahi kuchota maneno katika lugha nyingine za nchi na kuyapa kazi mpya, kama "ngeli" lililotoka katika Kihaya. Hapa hatukulazimika kwenda mbali kiasi hicho. Ilitosha kuuliza, kwa kila jina: mtu huyu ataulizwa nini kazi ikiharibika?

Wafasiri tunawaomba wasiandike "mtengenezaji" penye dhamana ya mtayarishaji. Walimu tunawaomba wawafundishe wanafunzi kutenganisha mwigizaji na mhusika. Watumishi wanaoandaa fomu na mikataba tunawaomba waambatishe maana ya kila jina, hata kama ni mstari mmoja. Na ndugu wasomaji walio katika kazi yenyewe, mjini Morogoro na kwingineko, tunawaomba watuletee majina wanayoyatumia wao kwa wao, hasa yale yasiyomo katika orodha hii. Istilahi isiyokubaliwa na wenye kazi ni sawa na tuta lililochimbwa kwa amri: mvua ya kwanza hulibomoa.